Kombe lako la Kunduchi: kisukuku au ganda tu?

Dada, umesema kombe hilo la baharini uliliokota ufukweni Kunduchi ukiwa na miaka tisa, ni zito kuliko umbo lake na ndani limeziba kwa jiwe jeupe. Hilo jiwe ndilo linalonishawishi kuwa ni kisukuku, yaani mabaki ya kiumbe wa kale yaliyohifadhiwa mwambani. Ganda la juzi huwa tupu, na mara nyingi bado lina mng'ao. Miamba mingi ya pwani yetu ni matumbawe ya kale, ya miaka zaidi ya 100,000, na makombe yamo humo humo. Siki aliyokushauri mjomba ulipimie achana nayo: ganda jipya na la kale yote hutoa povu, utaliharibu bure. Langu nililisugua kwa brashi ya chuma, mistari yote ikafutika! Lipige picha pande zote, rula kando, kisha lipeleke Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert.