Usilipe kozi ya kusoma haraka kabla hujamsikiliza mtoto akisimulia

Mkuu, usitoe hiyo hela. Umesema binti yako wa kidato cha pili hapo Moshi anasoma Kiingereza bila kukwama ila haelewi anachosoma, na kuna mwalimu wa tuisheni anataka umlipie kozi ya "kusoma haraka" likizo ya Juni. Kijana wangu nilimlipia kozi ya namna hiyo hapa Arusha, na hadi leo nikikumbuka roho inaniuma.

Mwalimu mwenyewe alikuwa na maneno matamu. Alichowafundisha watoto ni hiki: usihangaike na habari, kimbilia maswali, shika neno lililo kwenye swali, litafute kwenye habari, ukilikuta nakili sentensi nzima. Kila Jumamosi anatoa jaribio alilotunga mwenyewe, mtoto anarudi na alama za juu, sisi wazazi tunashukuru. Ukaja mtihani wa shule wenye "kwa nini" na "eleza kwa maneno yako mwenyewe". Hapo hakuna cha kunakili. Mtoto akaanguka, na kibaya zaidi alishazoea kutosoma kabisa. Kumtoa kwenye tabia hiyo kulitusumbua kuliko hata ada. Nikampigia mwalimu, akaniambia mtoto hana bidii. Mtoto anayeamka kabla ya adhana! Watu wa namna hii wanakula pesa za wazazi mchana kweupe, na sitaacha kulisema.

Kilichonifumbua macho ni jiografia. Nilimpa aya moja ya kitabu chake, inahusu mvua za milimani. Akaisoma kwa sauti, matamshi safi kama mtangazaji wa redio. Nikafunga kitabu: haya, nisimulie kwa Kiswahili. Kimya. Nikamuuliza, kwa nini kwa bibi yako Marangu mvua inanyesha kuliko upande wa Rongai, nyuma ya Mlima Kilimanjaro? Hapo akafunguka mwenyewe: upepo unatoka baharini na unyevu, unakutana na mlima, unapanda, unapoa, mvua inamwagika huku, kule ng'ambo unafika mkavu. Ndicho aya ilichokuwa inasema! Tukairudia aya ileile, safari hii akaielewa hadi mwisho.

Kwa hiyo akili ilikuwepo. Watoto wa shule za msingi za serikali wanasoma miaka saba kwa Kiswahili, wakiingia kidato cha kwanza karibu kila somo linageuka Kiingereza. Watafiti Hu na Nation walionyesha mwaka 2000 kwamba ili usome na kuelewa bila msaada, unahitaji kujua kama maneno 98 katika kila 100. Mtoto asiyejua maneno 15 kwenye aya, ukimwongezea kasi unamsaidia nini? Na kuijua mada kuna uzito wake. Mwaka 1988 huko Marekani, watafiti Recht na Leslie waliwapa wanafunzi wa darasa la saba na la nane habari ya mchezo wa besiboli. Wasomaji dhaifu wanaoujua mchezo waliikumbuka habari kuliko wasomaji hodari wasioujua.

Basi kabla hujamlipa mtu yeyote: aya moja, asome, funga kitabu, akusimulie kwa Kiswahili. Leo jioni hiyohiyo, na kesho tena. Akishindwa, mwambie apigie mstari maneno asiyoyajua. Yakiwa mengi, shida ni msamiati, mtafutie vitabu vyepesi zaidi avisome kwa wingi. Yakiwa machache, basi haijui mada, mwelezeni kwanza kwa Kiswahili ndipo arudi kitabuni. Usikubali akurudishie sentensi za kitabu, huko ni kukariri.

Macho pia apimwe, hospitali ya KCMC mnayo hapohapo Moshi. Na akisimulia vizuri kwa Kiswahili lakini akashindwa kuandika jibu kwa Kiingereza, basi kusoma anajua, kilichobaki ni kuandika, na mwalimu wake wa Kiingereza pale shuleni ndiye wa kumwona.