Lunuganga ni bustani au jengo?

SWALI: Mhariri, kila nikisoma habari za usanifu wa kisasa wa nchi za joto lazima nikutane na Lunuganga ya Sri Lanka. Sasa nyumba ya mapumziko ya mtu mmoja inahusikaje na mambo makubwa hivyo?

JIBU: Ndugu msomaji, inahusika sana tu. Geoffrey Bawa alikuwa wakili aliponunua Lunuganga mwishoni mwa miaka ya 1940, wakati huo ikiwa shamba la mpira, lipo kando ya ziwa Dedduwa karibu na Bentota, akaanza kulitengeneza akaona ujuzi haumtoshi, akaenda London kusomea usanifu na akafuzu mwaka 1957, miaka yake 38 hivi. Yaani bustani ndo ilimzaa msanifu!

Halafu kuna kilima kilichokuwa kinaziba ziwa upande wa kusini, akakishusha kimo ili ukikaa barazani macho yaende hadi majini na ng'ambo kule uone stupa, yaani jengo la ibada lenye kuba, la Wabudha, mimi hapo namkubali mno. Paa pana la vigae linakinga jua na mvua, upepo unapita wenyewe, na huwezi kusema ndani panaishia wapi nje panaanzia wapi. Alijaribu mawazo yake pale kwa miongo mingi na utayaona tena kwenye jengo la Bunge la Sri Lanka huko Kotte, la 1982, lililozungukwa na maji, pia hoteli ya Kandalama, ambako mimea imeachwa itambae juu ya zege mpaka jengo linapotelea kwenye mwamba.