Kabla Mheshimiwa Hajaingia: Ushauri kwa Wanaotaka Kuwapiga Picha Watu Mashuhuri

Wiki iliyopita nilipata ujumbe kutoka kwa msomaji mmoja wa Kayole, kijana anayepiga picha za harusi na mahafali, akiniuliza anunue kamera gani ili aanze kuwapiga picha wanasiasa, wakurugenzi wa kampuni, wanamuziki na waandishi. Swali hilo huniijia mara kwa mara, na karibu wote wanaoliuliza hudhani kwamba kinachowazuia ni vifaa. Kamera uliyo nayo, kijana wangu, inatosha. Kinachomtofautisha anayeitwa tena na asiyeitwa ni kazi anayoifanya kabla mwenye sura, yaani anayepigwa picha, hajaingia chumbani, na kuhusu kazi hiyo nina mengi ya kusema kwa sababu ndiyo iliyonilisha katika jiji hili la Nairobi.

Juzijuzi nilitumwa Upper Hill kumpiga picha mkurugenzi mmoja kwa ajili ya ripoti ya mwaka ya kampuni yake. Barua pepe iliahidi nusu saa. Nilifika mapema, nikamwomba katibu muhtasi wake anitembeze ghorofa nzima, kwa maana chumba cha mikutano nilichotengewa kilikuwa na kuta nyeupe tupu na taa za dari zinazotia kivuli machoni. Nilichagua pembe ya ukumbi karibu na dirisha ambalo jua haliliingii moja kwa moja, nikasimamisha mwavuli mmoja mweupe wa flashi, kisha nikamwomba mlinzi wa ghorofa, mzee ambaye rangi yake ilikaribiana na ya mkurugenzi, asimame pale ili nipime mwanga kwenye shavu lake. Nilibandika kipande cha utepe sakafuni palipokuwa na viatu vyake.

Saa ya miadi ilipofika, mkurugenzi alitoka kwenye mkutano simu ikiwa sikioni, akaniambia kwamba gari linamngoja na nimalize upesi. Sikubishana wala sikulalamika. Nilimwonyesha utepe, na alipokuwa akisogea nikamwuliza swali moja tu. Nilikuwa nimesoma mahojiano yake ya zamani, nikajua kwamba alianza maisha kama karani wa ghala la nafaka, kwa hiyo nikamwuliza magunia yalipimwaje siku hizo. Aliitia simu mfukoni. Alianza kunionyesha kwa mikono jinsi mizani ilivyoning'inizwa, bega la kushoto likashuka kana kwamba gunia lingali juu yake, viganja vikafunguka, na uso wake ukawa wa mtu anayekumbuka jambo alilolipenda. Fremu hiyo ndiyo iliyotoka kwenye jalada la ripoti. Ninajivunia picha ile, na sioni sababu ya kulificha jambo hilo.

Wapigapicha hupenda kusimulia jinsi Yousuf Karsh, mpigapicha wa Kanada, alivyomnyang'anya Waziri Mkuu wa Uingereza, Winston Churchill, sigara nene mdomoni mjini Ottawa, tarehe 30 Desemba 1941, akapata ile sura ya ukali inayojulikana duniani kote. Vijana husikia kisa hicho wakadhani siri ni ujasiri. Mimi naona siri iko kwingine: Karsh alikuwa ameziweka taa zake katika chumba cha Spika wa Bunge la Kanada tangu jioni iliyotangulia. Churchill alipoingia bila kupendezwa na habari ya kupigwa picha, hapakuwa na waya wa kuunganisha wala taa ya kusogeza, na ndiyo maana muda mfupi ule ulitosha.

Suala la mwanga nalo halina budi kutajwa. Kipimo cha mwanga kilichomo ndani ya kamera huchukulia kwamba kila kilicho mbele ya lenzi kina wastani wa rangi ya kijivu, kwa hiyo mtu mweusi akisimama mbele ya ukuta mweupe wa ofisi, kamera hupunguza mwanga na uso wake hutoka giza. Pima kwenye uso, si kwenye chumba. Msogeze mbali na ukuta, tumia chanzo kikubwa na laini cha mwanga kutoka upande mmoja, kwa maana ngozi nyeusi huonyesha umbo lake kwa mng'ao, na flashi ndogo ya moja kwa moja huugeuza mng'ao huo kuwa doa jeupe kwenye paji la uso. Ukilazimika kupiga nje, epuka saa sita mchana, kwa sababu sisi tuko karibu kabisa na ikweta na jua la saa hizo huyazika macho kivulini. Miezi ya Juni hadi Agosti, ambayo Wanairobi wengi huilalamikia kwa baridi na mawingu, ndiyo miezi yangu bora ya kazi, kwa kuwa mawingu huulainisha mwanga.

Kuhusu kuwafikia watu wenyewe, sina njia ya mkato ya kukupa. Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943 na kupiga picha za viongozi wengi wa bara hili, alikwenda Saudi Arabia mwaka 1980 pamoja na mwandishi Brian Barron wa BBC, wakampata Idi Amin uhamishoni. Milango ya namna hiyo haibishwi na mgeni. Jenga jina kwa wanaoulinda mlango: katibu muhtasi, afisa wa mawasiliano, dereva, meneja wa msanii. Waamkie kwa heshima, ujue ni nani anayeitwa Mheshimiwa, nani Profesa, nani Mama, na uwatumie picha siku uliyoahidi. Wasanii ni wepesi zaidi kufikiwa kuliko wakurugenzi, ila wamezoea kamera mno, na kazi yako kwao ni kungoja mpaka wachoke kuigiza.

Sasa nifike kwenye jambo linaloniuma hadi leo. Miaka kadhaa iliyopita taasisi moja iliniagiza nimpige picha mwigizaji mkongwe wa jukwaani, na wakaahidi kwa mdomo, mbele ya watu, kwamba jina langu lingeandikwa chini ya picha. Picha ilitundikwa kwenye bango kubwa kando ya Barabara ya Mombasa, ikaingia kwenye kalenda, ikaingia kwenye tangazo la televisheni, na jina langu halikuonekana popote. Nilipopiga simu, niliambiwa kwamba nilishalipwa. Mama yule mwigizaji mwenyewe aliniomba radhi kwa kosa ambalo hakulifanya.

Wengi wetu tumekua tukiamini kwamba anayebonyeza kitufe ndiye mwenye picha. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, katika kifungu cha 31, inasema kwamba kazi ikiagizwa na mtu ambaye si mwajiri wako, hakimiliki huhesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa mmekubaliana vingine. Kwa upande wa pili, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamlinda mwenye sura: mwaka 2023 klabu moja ya burudani hapa Nairobi ilitozwa faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuchapisha mtandaoni picha ya mteja bila idhini yake. Msiwe watu wa kupeana mikono na kuaminiana tu. Andikeni! Karatasi yangu ya makubaliano hutangulia siku ya kazi, pamoja na ankara ya malipo ya awali, na inaeleza picha zitatumika wapi na kwa muda gani, hakimiliki inabaki kwa nani, jina langu litaandikwaje, na iwapo mwenye sura ameniruhusu kuziweka kwenye ukurasa wangu. Ofisi ikikataa kutia sahihi, usifungue hata mfuko wa taa.