Fundi wa paneli, vuta kila waya kabla ya kufunga mlango

Kiwanda kimoja cha Changamwe kiliniita saa tano usiku. Mkanda wa kupitishia magunia ulikuwa ukisimama wenyewe. Ukiwashwa unakwenda dakika ishirini, kisha unasimama tena. Nilipofungua paneli, yaani kabati la umeme linaloendesha mashine, nilikuta nyaya zote nyeusi, hazina namba hata moja, zimeshindiliwa kwenye tranki, ule mfereji wa kupitishia nyaya, mpaka kifuniko hakikai. Mchoro haukuwepo. Nikafuata waya mmoja mmoja kwa vidole hadi adhana ya alfajiri. Kosa lenyewe? Aliyeunga koili ya kontakta, ile swichi ya sumaku inayowasha na kuzima mota, hakuumenya waya ukatosha, skrubu ikabana ganda badala ya shaba. Ukiusukuma kidogo, tesita inasema mzima. Mkanda ukitetemeka, unaachia.

Tangu usiku ule, kila waya nikishaukaza huushika nikauvuta, kama mtu anayejaribu fundo la kamba ya ngalawa. Ni kazi ya sekunde mbili. Nawaomba mafundi wenzangu muifanye hata mkiwa mmechoka, hata mteja akiwa amesimama mlangoni anaangalia saa.

Waya wa nyuzi nyingi usiutie kwenye terminali, yaani kiungio chenye skrubu, ukiwa mtupu. Uvishe ferulo, kile kijibomba cha shaba iliyopakwa bati, uibane kwa koleo lake, si kwa plaizi ya kukatia. Wapo wanaopiga ncha lehemu wakidhani ndiyo imara zaidi. Lehemu ni laini: ikikaa chini ya skrubu hutambaa polepole, mbano unalegea, upinzani wa umeme unapanda, na mkondo ukipita hapo huzaa joto. Nimetoa terminali nyeusi kama mkaa kwa sababu hiyo hiyo. Na kukaza pia kuna kipimo chake. Mtengenezaji huandika Newton-mita ngapi kwa kila skrubu. Ukizidisha, unavunja uzi wa skrubu au unakata nyuzi za waya.

Sisi wa Mombasa tuna hewa ya bahari juu ya yote hayo. Shaba iliyoachwa wazi huota kijani, hasa kule Shimanzi na Kilindini. Kwa hiyo kebo ziingie kwa chini, kila moja na glandi yake, ile pete ya kuibana na kuziba tundu, na tundu lisilotumika lizibwe. Mimi hutia pia hita ndogo ndani ya kabati, ili mashine ikizimwa usiku mvuke usije ukageuka matone juu ya relei, zile swichi ndogo za umeme.

Rangi nazo si urembo. Kiwango cha kimataifa cha IEC 60204-1, kinachohusu umeme wa mashine, kinapendekeza nyeusi kwa nyaya za nguvu, nyekundu kwa udhibiti wa AC (umeme geu), buluu kwa udhibiti wa DC (umeme wa mkondo mmoja, kama wa betri). Kijani na njano pamoja ni ya athi, yaani waya wa ardhini, peke yake. Ninayoisisitizia zaidi ni rangi ya chungwa. Hiyo ni ya waya unaobaki na umeme hata swichi kuu ikizimwa, kwa mfano unaotoka paneli ya jirani. Niliwahi kuzima swichi kuu, nikapima kwanza kwa mazoea, na waya mmoja mweusi ukasoma volti 240. Ningeugusa.

Namba ziwe ncha zote mbili, zilezile za kwenye mchoro. Kijana ninayefanya naye kazi aliniuliza, "Mzee, kwani mteja ataziona namba hizi?" Nikamwambia, "Haziandikwi kwa ajili yake, mwanangu. Ataziona fundi atakayeitwa saa tano usiku."

Na mchoro ukae kwenye mfuko wa mlango wa paneli, si ofisini kwa meneja. Siku utakayohamisha waya hata mmoja, chukua kalamu, urekebishe papo hapo, andika tarehe, kisha uurudishe mfukoni.