Ukifika Jingdezhen, omba kupita nyuma

Dada mmoja wa Ruashi, hapa Lubumbashi, ameniandikia. Anamfuata mumewe Guangzhou, China, kwenye mzigo, naye anapenda kufinyanga kama mimi. Anauliza: "Yaya, nikipanda treni hadi Jingdezhen nitajifunza kitu, ao nitaenda kupiga picha tu?" Utajifunza, dada, maana Jingdezhen ndio mji wa kaure, vile vyombo vyeupe vya China, ila usiishie dukani.

Dukani kila chombo kinang'aa na hakikuambii lolote. Mimi nilimsihi mkalimani atuombee kwa mwenye karakana tupite nyuma. Huko nikamkuta mzee anakwangua bakuli kavu, ambalo halijaona moto, kwa kisu cha chuma. Anakwangua kidogo, analigonga kwa kidole, anasikiliza, anaendelea. Unene wa bakuli anaujua kwa sauti. Nilisimama pale mpaka shemeji niliyekwenda naye akaanza kunung'unikia treni. Na niseme: yule fundi wa hapa mjini aliyenicheka mbele za watu, eti mabakuli yangu ni ya kunyweshea kuku, hajawahi kunionyesha habari ya kidole.

Meza iliyofuata ilikuwa ya wachoraji. Wanachora juu ya udongo mkavu, kabla ya kuchoma. Mmoja anapiga mistari, mwingine anajaza. Huyu wa kujaza ana brashi nene iliyolowa maji ya kobalti, madini yanayotoa rangi ya buluu. Analiacha tone litangulie, naye analisukuma kwa ncha lisitulie. Likitulia, udongo umeshalinywa, na doa hilo halitoki. Wakati huo rangi ni ya kijivu, imefifia. Buluu inatokea baadaye, chini ya glezi, ule utando unaong'aa kama kioo, ndani ya tanuri la karibu nyuzi 1,300. Padre Mfaransa d'Entrecolles aliandika juu ya kazi ya huko mwaka 1712 kwamba chombo kimoja hupita mikononi mwa watu 70. Baada ya kuziona zile meza, sibishi.

Kobalti, jamani! Zamani waliiagiza Uajemi. Leo Kongo ndiyo inayochimba nyingi kuliko nchi yoyote duniani, na sehemu kubwa inasafishwa China. Nikamwambia mchoraji natoka Katanga, kobalti inakochimbwa. Akacheka, akanipa brashi na sahani iliyopasuka. Mistari yangu ya kwanza ilitetemeka. Ya mwisho ilinyooka. Picha ninayo, na yule fundi wetu karibu aje aitazame.

Sasa wewe, dada: udongo wao usinunue. Utakula kilo za mzigo wa mumeo bure, maana moto wetu wa kuni kwenye lupango, uani kwetu, haufiki nyuzi zile. Udongo wa kichuguu, huohuo wa matofali, unatutosha. Shida yetu wafinyanzi wa Jumamosi ni kupenda vifaa. Mtu hajui kunyoosha mstari, tayari anaulizia bei ya tanuri la umeme, na umeme wenyewe mnaujua! Acheni hayo. Chukua bakuli kavu, chovya brashi kwenye maji matupu kidogo tu, piga mstari. Maji yanakauka, unapiga tena. Fanya hivyo kila jioni kabla hujagusa rangi.

Mkalimani umlipe vizuri, maana nyuma hupiti bila yeye. Na zile brashi nene za kujaza, huku kwetu sijaziona. Nunua mbili, moja ni yangu, nitakurudishia pesa ukifika.