Kuhariri amri ndefu kwenye seva ya mbali: vitufe vya kuanza navyo

Swali: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni kijana ninayesimamia seva za kampuni ya kusafirisha mizigo hapa Kurasini, Dar es Salaam. Seva zetu zinatumia Linux, mojawapo iko Ujerumani, nami huingia kwa ssh (programu ya kuiamuru kompyuta ya mbali), mara nyingi kupitia intaneti ya simu. Amri ninazoandika ni ndefu. Nikigundua nimekosea mwanzoni mwa mstari, hushikilia kitufe cha mshale wa kushoto mpaka nifike, huku kielekezi kikichelewa kunifuata na mara nyingi kikipitiliza. Bosi wangu hurekebisha amri kama hizo kwa kubonyeza vitufe viwili au vitatu, lakini hana nafasi ya kunielekeza. Nianze na vitufe gani? Na kwa nini Ctrl-S hugandisha skrini yangu, na mbona vitufe vya Alt havifanyi kazi kwenye MacBook ya mwenzangu?

Jibu: Marahaba, ndugu yangu. Nianze na hilo la kielekezi kupitiliza, kwa sababu ndilo linaloonyesha kwa nini jambo hili lina uzito zaidi kwako kuliko kwa mtu ambaye kompyuta anayoiamuru iko mezani kwake. Unapokuwa ndani ya ssh, herufi unayobonyeza haiandikwi kwenye skrini na kompyuta yako. Husafiri hadi kwenye seva, Bash, programu iliyoko huko ya kupokea na kutekeleza amri, huipokea, kisha hukurudishia maelekezo ya nini kionekane. Tangu nyaya za baharini za SEACOM na EASSy zilipofika Dar es Salaam, mwaka 2009 na 2010, safari hiyo imefupika sana ikilinganishwa na enzi za satelaiti, ambapo kwenda na kurudi kulichukua takriban nusu sekunde. Hata hivyo, kutoka hapa hadi Ujerumani na kurudi bado huchukua zaidi ya sehemu ya kumi ya sekunde, na intaneti ya simu huongeza ucheleweshaji usiotabirika. Mshale wa kushoto ukijirudia mara 40 ni ujumbe 40, kama abiria 40 ambao kila mmoja amevushwa kwa kivuko chake kutoka Magogoni kwenda Kigamboni. Unapoachia kitufe baadhi yao bado wako majini, ndiyo maana kielekezi huendelea kutembea na kupita pale ulipotaka kisimame. Ctrl-A, yaani kushikilia Ctrl na kubonyeza A, hukifikisha mwanzo wa mstari kwa baiti moja tu.

Vitufe hivi si siri ya bosi wako wala si vya Bash peke yake. Bash iliandikwa na Brian Fox kwa ajili ya GNU, mradi wa programu huria, na kutolewa mwaka 1989, na kwa miaka mingi sasa imetunzwa na Chet Ramey. Kazi ya kuhariri mstari kabla hujabonyeza Enter hufanywa na maktaba ya programu iitwayo Readline, ambayo hutumiwa pia na programu nyingine nyingi, ikiwemo psql ya kanzidata za PostgreSQL na gdb ya kutafutia hitilafu. Kwa hiyo mazoea utakayojenga kwenye Bash utayakuta yakikusubiri mahali pengine, bila kujifunza upya.

Nakushauri usichapishe orodha ndefu na kuibandika ukutani. Nimeona orodha hizo zikififia ukutani huku mwenyewe akiendelea kushikilia mshale. Anza na vitufe vya kusogea, kwa amri moja unayoitumia kila siku. Tuchukue hii, ambayo inanakili nyaraka za mwaka kwenda seva ya pili:

rsync -av --delete /srv/nyaraka/2024/ mtunza@seva2:/hifadhi/nyaraka/2024/

Umeshaiandika yote, kielekezi kiko mwishoni, ndipo unakumbuka kwamba --delete hufuta upande wa pili kila kisichokuwepo upande wa kwanza, na kwamba ingekuwa busara kuijaribu kwanza kwa -n, ambayo huonyesha kitakachotokea bila kukitenda. Bonyeza Ctrl-A, ufike mwanzo wa mstari. Bonyeza Alt-F, kielekezi kiruke neno moja mbele na kusimama mara baada ya rsync. Andika nafasi na -n, kisha Enter. Huhitaji kurudi mwisho wa mstari kwanza, kwa sababu Bash hutekeleza mstari mzima popote kielekezi kilipo. Ukisharidhika na matokeo, rudisha amri hiyo kwa mshale wa juu, bonyeza tena Ctrl-A na Alt-F, halafu Alt-D, ambayo hufuta kuanzia kielekezi hadi mwisho wa neno linalofuata. Hapo -n imeondoka, na amri ya kweli iko tayari. Jozi za vitufe hivi ni rahisi kushika: Ctrl-A huenda mwanzo na Ctrl-E huenda mwisho, Alt-B hurudi nyuma neno moja na Alt-F huenda mbele neno moja.

Njia hiyohiyo itakufaa unaposahau kuandika sudo, neno linaloipa amri mamlaka ya msimamizi mkuu. Wengi hufundishwa kuandika sudo !!, ambayo hurudia amri iliyopita ikiwa na mamlaka hayo. Mimi napendelea mshale wa juu, Ctrl-A, kisha kuandika sudo na nafasi, kwa sababu naiona amri yote mbele ya macho yangu kabla haijapewa mamlaka ya kufanya lolote kwenye mashine.

Sasa tuje kwenye kufuta, ambako ndiko Readline ilikofikiriwa vizuri zaidi na ambako wengi hawafiki. Ctrl-U hukata kila kilicho kati ya kielekezi na mwanzo wa mstari, Ctrl-K hukata kuanzia kielekezi hadi mwisho, na Ctrl-W hukata neno lililo nyuma ya kielekezi. Nimesema hukata makusudi, maana kilichoondolewa hakipotei. Kinahifadhiwa, na Ctrl-Y hukirudisha pale kielekezi kilipo. Tuseme umeandika amri ile ya rsync yote, kisha ukatilia shaka kama folda ya 2024 ina vitu unavyovitarajia. Usiifute, wala usiinakili kwenye karatasi. Bonyeza Ctrl-U ukiwa mwisho wa mstari, endesha ls (amri ya kuorodhesha mafaili) uliyokuwa unaihitaji, halafu bonyeza Ctrl-Y, na amri yako itarudi ilivyokuwa. Ukiwa umekata vipande kadhaa na Ctrl-Y ikakuletea kisicho chenyewe, bonyeza Alt-Y mara baada yake, nayo itakupitisha kwenye vipande vya awali kimoja baada ya kingine. Ukiharibu mambo kabisa, Ctrl-X ikifuatiwa na Ctrl-U hutendua badiliko la mwisho, na unaweza kuirudia.

Kuna tofauti moja hapa ambayo nakuomba uijaribu mwenyewe. Ctrl-W huhesabu neno kuwa chochote kilicho kati ya nafasi na nafasi, wakati Alt pamoja na kitufe cha kufutia nyuma huhesabu neno kuwa mfululizo wa herufi na tarakimu tu. Kielekezi kikiwa mwisho wa amri yetu, Ctrl-W itaondoa mtunza@seva2:/hifadhi/nyaraka/2024/ yote kwa mpigo mmoja, ilhali Alt na kitufe cha kufutia itaondoa 2024/ peke yake na kukuachia njia iliyobaki, ili uandike 2025/ na kuendelea. Anayeshughulika na njia ndefu za mafaili atagundua kuwa hii ya pili ndiyo inayomwokolea muda mwingi zaidi.

Amri bora ni ile usiyoiandika upya kabisa. Bonyeza Ctrl-R na uandike kipande chochote unachokikumbuka, mathalani hifadhi, na Bash itakuletea amri ya karibuni zaidi yenye kipande hicho. Ukiibonyeza tena itarudi kwa ile iliyotangulia. Hapa kuwa mwangalifu: Enter huitekeleza amri iliyoonekana papo hapo. Iwapo unataka kuibadilisha kwanza, bonyeza Ctrl-E au mshale wowote wa kando, nayo itakaa kwenye mstari ikisubiri uhariri wako. Ukitaka kuachana na utafutaji huo, Ctrl-G hukurudisha ulipokuwa. Kwa kawaida Bash hukumbuka amri 500 tu, isipokuwa waliosambaza mfumo wako wameongeza. Kwa kazi kama yako nakushauri uongeze HISTSIZE na HISTFILESIZE, vigezo vinavyoweka idadi hiyo, kwenye .bashrc, faili la mipangilio ya Bash lililo ndani ya folda yako ya nyumbani.

Ndugu yake Ctrl-R ni Alt pamoja na nukta, inayoleta neno la mwisho la amri iliyotangulia. Ukishaandika mkdir -p /srv/nyaraka/2025/juni ili kutengeneza folda, amri inayofuata karibu kila mara ni cd ya kuingia humo humo. Andika cd na nafasi, bonyeza Alt na nukta, njia nzima inajiandika bila uwezekano wa kuikosea.

Ipo siku amri itakuwa ndefu kiasi kwamba kuihariri kwenye mstari ni kujitesa. Siku hiyo bonyeza Ctrl-X kisha Ctrl-E, na Bash itaifungua ndani ya programu ya kuhariria iliyotajwa kwenye kigezo cha VISUAL au EDITOR. Weka mojawapo ya hizo kwenye .bashrc, la sivyo huenda ukafunguliwa programu usiyoizoea. Ukihifadhi na kutoka, amri hutekelezwa mara moja bila kukuuliza. Zaidi ya hapo, kutoka bila kuhifadhi hakumaanishi kughairi, kwa sababu amri kama ilivyokuwa awali bado itatekelezwa. Ukibadili nia, futa mistari yote, hifadhi faili likiwa tupu, ndipo utoke. Nasisitiza hili kwa mtu anayetumia --delete kwenye mafaili ya kazi.

Kuhusu Ctrl-S, skrini yako haijaharibika wala seva haijakatika. Tangu enzi za mashine za kuchapa zilizounganishwa na kompyuta, Ctrl-S ni ishara ya kusimamisha maandishi yanayotoka na Ctrl-Q ni ishara ya kuyaruhusu yaendelee, na Linux bado inaiheshimu desturi hiyo. Bonyeza Ctrl-Q na skrini itaamka. Kinachonitia wasiwasi ni kile ambacho watu hufanya katikati: skrini ikiganda hubonyeza Enter na vitufe vingine kwa hasira. Kinachosimama ni maandishi yanayokuja kwako. Vitufe vyako vinaendelea kufika kwenye seva na vinaweza kutekelezwa bila wewe kuona chochote. Basi skrini ikiganda ghafla, jaribu kwanza Ctrl-Q, usibonyeze kingine. Ukitaka jambo hili lisitokee tena, andika stty -ixon kwenye .bashrc, faida ya ziada ni kwamba Ctrl-S itaanza kufanya kazi yake ya Readline, yaani kutafuta kwenda mbele pale Ctrl-R ilipokurudisha nyuma mno.

Na MacBook ya mwenzako nayo haina tatizo. Kitufe kilichoandikwa Option hutumika kule kuandikia alama maalumu, hivyo programu ya Terminal haikipeleki kama Alt mpaka iambiwe. Afungue mipangilio ya Terminal, aende Profiles, kisha Keyboard, na aweke alama kwenye "Use Option as Meta key". Akiwa kwenye mashine asiyoruhusiwa kubadilisha mipangilio yake, abonyeze Esc, aiachie, ndipo abonyeze herufi. Kwa Readline hiyo ni sawa kabisa na kushikilia Alt, na wewe pia unaweza kuitumia popote Alt inapokataa. Ajue vilevile kwamba kuanzia mwaka 2019 kompyuta za Mac hutumia zsh badala ya Bash kama chaguo la kawaida. Vitufe vingi vinafanana, lakini kule Ctrl-U hufuta mstari mzima, si sehemu iliyo nyuma ya kielekezi tu. Akishaingia kwenye seva yenu ya Ujerumani kwa ssh, anayejibu ni Bash ya huko, na tofauti hiyo inaondoka.

Kwa ujumla kitufe kikikataa, jiulize nani amekidaka kabla hakijafika kwa Bash. Anayetumia screen, programu ya kuendesha vipindi kadhaa vya kazi kwenye seva, atakuta Ctrl-A imechukuliwa. Abonyeze Ctrl-A ikifuatiwa na a ili ipite. Anayetumia tmux, programu ya aina hiyohiyo, ataikosa Ctrl-B (ya kurudi nyuma herufi moja) kwa namna hiyohiyo, naye aibonyeze mara mbili. Anayefungua seva kupitia kivinjari asiguse Ctrl-W hata kidogo, kwa kuwa kivinjari kitafunga kichupo chote pamoja na kazi iliyokuwemo.

Vitufe vyote vilivyowekwa kwenye mashine utaviona kwa amri bind -P. Ukifika hatua ya kutaka kuvibadilisha, andika mabadiliko yako kwenye faili la .inputrc ndani ya folda yako ya nyumbani, mstari wa kwanza ukiwa $include /etc/inputrc, maana bila huo mipangilio ya mfumo haitasomwa tena. Fanya hivyo kwenye kompyuta yako mwenyewe. Kwenye seva mnazozitumia wengi, hasa mkiwa mnaingia kwa akaunti moja, acha vitufe vilivyo vya kawaida, ili mwenzako anayeingia usiku kurekebisha hitilafu akute kila kitu kinafanya kile anachokitarajia.