Mwanangu, Jumamosi zako umeziweka rehani

*"Shangazi shikamoo. Mi ni mama wa miaka 41, mwalimu wa shule ya msingi hapa Masasi, nimeokoka na kazi ya Mungu naipenda. Ni katibu wa umoja wa akina mama, mweka hazina wa kwaya, na juzi nimeingizwa kamati ya ujenzi. Jumatano maombi, Ijumaa mazoezi, Jumamosi vikao, Jumapili ibada zote mbili. Mwezi wa nane mchungaji alihubiri Waefeso 5, tuukomboe wakati, nikaguswa nikaongeza na huduma ya kutembelea wagonjwa. Shida ni baba, ana miaka 78, yuko kijijini huko Newala na mjukuu, mi naenda Krismasi tu. Tangu korosho zianze kudondoka ananipigia kila wiki, njoo tuokote, kuna kitu nataka nikuonyeshe shambani. Namwambia subiri vikao viishe. Mume wangu anasema nimeolewa na kanisa. Usiku usingizi hamna, naona muda unanikimbia, na nikikaa tu naona namuibia Mungu. Nifanyeje? Katibu Aliyechoka, Masasi."*

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza nilicheka, nisamehe, pale uliposema umehubiriwa kukomboa wakati ukatoka hapo ukajiongezea kazi nyingine. Mara ya pili sikucheka.

We umekulia Newala, hebu niambie, mtu kwenu akisema naenda kukomboa mikorosho yangu anamaanisha nini? Si unajua. Mzee aliuguza, au ada ilimbana, kaweka rehani mikorosho yake kwa mwenye duka, basi msimu huo anayeokota ni mwenye duka, ye anapita pembeni na jembe lake begani anaona korosho zake mwenyewe zinaingia gunia la mwenzie. Kukomboa ni kupeleka hela urudishiwe kilicho chako. Bure haiwezekani, na sijawahi kuona mtu anakomboa mikorosho 10 kwa kuweka rehani mingine 20, sasa we ndo ulichofanya mwezi wa nane. Na wanaojua Kigiriki wanatuambia neno alilotumia Paulo pale ni la sokoni kabisa, kununua, na huo wakati anaousema sio saa ya ukutani, ni kairos, yaani wakati wa jambo lake, kwa lugha yetu huku tungesema msimu tu tukaelewana. Korosho ikidondoka leo inaokotwa leo au kesho, ukiiacha ikanyeshewa daraja limeshuka, hata uje na machozi mnadani hawakupi bei ya ile nzuri.

Sasa baba yako. Zaburi ya 90 inaitwa maombi ya Musa, na we bila shaka mstari wa 12 umeuimba sana, "utujulishe kuzihesabu siku zetu, tujipatie moyo wa hekima." Wengi tunaukimbilia huo wa 12 tunauruka wa 10, ambao unasema miaka yetu ni sabini na tukiwa na nguvu themanini. Haya, we ni mwalimu, hesabu. Mzee ana 78, we unaenda Krismasi tu. Kwa hesabu ya Musa umebakiwa na safari mbili. Mungu anaweza kumpa hata 100, namuombea, Musa mwenyewe alifika 120, ila mi nakwambia kilichoandikwa pale ili uache kuhesabu vikao uhesabu safari.

Kuhusu kumuibia Mungu, hapo ndo nina ugomvi na wewe kidogo. Fungua Marko 7. Kulikuwa na watu wa dini wanawaambia wazazi wao, kile ambacho ningekusaidia nacho ni korbani, nimekiweka wakfu kwa Mungu, basi wanaona wameponea hapo. Yesu hakuwasifu hata chembe, aliwaambia wanalitangua neno la Mungu kwa mapokeo yao. We hela humnyimi mzee, najua unamtumia, ila Jumamosi zako zote umezifanya korbani. Unatembelea wagonjwa wa watu Masasi mzima, na mzee wako anaokota korosho na mjukuu! Umeandika vyote viwili kwenye barua moja na sidhani kama uliona.

Alafu kitu kingine, kuna ile alfajiri kwenye Marko 1, Yesu kaenda faragha kuomba, Simoni na wenzie wakamfuata wakamwambia watu wote wanakutafuta. Kwa sisi tunaopenda kutafutwa ile ni sentensi tamu sana, we katibu unaijua, simu inaita, grupu linaita, katibu yuko wapi. Ye akajibu twendeni mahali pengine, mpaka vijiji vilivyo karibu. Akawaacha waliokuwa wanamtafuta, na hakuna aliyemuita mvivu.

Nikwambie langu, sio kwa kujisifu. Miaka hiyo nilikuwa bize kama wewe, semina, makongamano, leo Lindi kesho Nachingwea, mama yangu yuko kijijini ananiita nakuja nakuja. Nikaenda kweli, sikuchelewa msiba kama unavyodhani naenda kusema, nilimkuta mzima kabisa kakaa kwenye mkeka anabangua korosho, vidole vyeusi kwa ile mafuta ya ganda. Nikamwamkia. Akaniangalia usoni muda mrefu, kwa heshima yote, akaniuliza "we ni wa nani mwanangu?" Alikuwa ameanza kusahau na mi kwenye simu sikujua, maana kwenye simu aliitikia tu ndio ndio. Aliishi miaka minne baada ya pale na nilikuwa naenda kila mwezi, ila hadithi za babu yangu alizokuwa anataka kunisimulia zilishaondoka. Yaani mtu yupo, na msimu wake umepita.

Sasa cha kufanya. Usiache kanisa, nani kasema uache kanisa, na mtu atakayesoma hapa akajifanya shangazi karuhusu asiende ibada nisisikie. Chagua kazi moja unayoiweza kwa moyo, mi ningebaki na uhazina wa kwaya maana hela ikikaa kwa mtu mwaminifu ni neema, zingine rudisha. Usitangaze kwenye grupu, utapewa ushauri na watu 60. Nenda kwa mchungaji ana kwa ana na daftari lako la mihtasari mkononi, mwambie baba kanikumbusha umri wake, naomba mwenzangu achukue ukatibu. Atanuna? Anaweza. Hiyo ndo hela yenyewe ya kukombolea, sikukwambia ni bure. Na stetasi za usiku unazoangalia mpaka saa sita sijazisahau, hujaziandika lakini mtu asiyelala ana simu mkononi, tuache utani.

Mumeo yuko sahihi ila kasema vibaya. Mwambie mwende wote, awabebee magunia.

Nauli ya Newala haifiki hata bei ya kitenge cha sare. Mbebee mzee sukari na dagaa, vaa viatu vya kufunika maana chini ya mikorosho huwezi jua umekanyaga nini, na ukifika usianze kwa kuuliza afya, inama uokote kwanza, wazee wetu huongea vizuri mikono ikiwa na kazi. Hicho kitu anachotaka kukuonyesha nimekiwaza toka asubuhi. Nahisi ni mipaka, mkorosho upi ni wa nani na uliopandwa mwaka uliozaliwa wewe uko wapi, na hilo jambo haliwezi kuonyeshwa kwa simu. Ila naweza kuwa nimekosea. Nenda Jumamosi hii, ukirudi niandikie ilikuwa ni nini.